Chumvi ya Bagamoyo ndani ya fremu ya kaboni

Alfajiri ya Jumamosi, kabla malori hayajaijaza Barabara ya Bagamoyo, makundi ya waendesha baiskeli huwa yameshaipita Tegeta na Bunju yakielekea kaskazini. Wenye baiskeli za mbio hung'ang'ania lami mpaka Bagamoyo mjini. Wenye baiskeli za milimani huchepuka mapema. Wapo wanaoingia Mabwepande kwenye udongo mwekundu, wapo wanaokata kwenye njia za mashamba za Mapinga na Kerege, na wapo wanaosubiri hadi Kaole, wakapita pembeni ya magofu, wakashuka upande wa mikoko na, maji yakiwa yamekupwa, wakaendesha ufukweni penyewe. Milima ya kutisha haipo huku. Kilichopo ni mchanga laini, unyevu na chumvi, na baiskeli iliyozaliwa kwenye miteremko mikavu ya Marin, California, miaka ya 1970, hupata hapa mtihani wa namna yake.

Malalamiko ya wenye fremu za kaboni ni yale yale kila mara. Baiskeli inalia. Ukikanyaga pedali, kwi. Ukikanyaga tena, kwi. Kwenye njia ya mawe inagonga, ukishuka kuitazama imenyamaza. Mwenye nayo ametoa mamilioni, amesikia kwamba kaboni haipindi, hukatika, na sasa anawaza siku itakapoachia akiwa kwenye mwendo. Mwingine anaongeza sauti ya muziki masikioni na kusonga mbele. Nawaelewa wote wawili, ila wote wanakosea pa kuanzia. Hapa pwani fremu husingiziwa mara nyingi mno. Mkosaji hujificha pale kaboni inapokutana na alumini au chuma, na chumvi ndiyo inayomlisha. Hata hivyo, fremu haiachiwi huru kwa hisia. Inaachiwa baada ya kukaguliwa.

Fundi anayeijua kazi hamuulizi mteja baiskeli inalia wapi. Anauliza inalia lini. Mabomba ya fremu ya kaboni ni mapana, matupu ndani, na kuta zake ni nyembamba na ngumu, kwa hiyo husafirisha mlio na kuukuza. Kiti kinaweza kulia nawe ukaapa kwamba sauti inatoka miguuni. Sikio linadanganyika kuhusu mahali, lakini wakati linaujua vizuri.

Inalia ukikanyaga tu, au hata ukiiacha iserereke yenyewe? Ikinyamaza ukiacha kukanyaga, mtuhumiwa yuko kwenye pedali, kranki, cheni au beringi za kranki. Ikiendelea, geukia magurudumu, shingo ya usukani na viungo vya shokapu. Inuka kwenye kiti, kanyaga ukiwa umesimama. Mlio ukifa, nguzo ya kiti au reli za kiti zina kesi ya kujibu. Ukizidi, tazama usukani na beringi za shingo. Simama pembeni, bana breki ya mbele, sukuma baiskeli mbele na nyuma. Kandamiza kiti kwa mikono miwili bila kugusa pedali. Azima pedali za mwenzako, kisha gurudumu lake la nyuma, kimoja baada ya kingine. Hapo kwenye kimoja baada ya kingine ndipo wengi wanapoharibu. Wanafungua kila kitu kwa mpigo, wanapaka grisi kila mahali, baiskeli inatulia wiki mbili, halafu inaanza upya na hakuna anayejua nini kiliituliza.

Mafundi wa magari wana mbinu moja inayofaa sana hapa. Mtu mmoja apande baiskeli, aegemee ukuta, abane breki ya nyuma na kuikandamiza pedali kwa uzito wake, aachie, akandamize tena. Wa pili achukue bisibisi ndefu, aweke ncha yake juu ya kichwa cha bolti na mpini sikioni. Aanzie kwenye kranki, ahamie ekseli ya nyuma, kisha viungo vya shokapu, kisha chini ya kiti. Tofauti kati ya mlio uliosafiri na mlio uliozaliwa pale pale ni kubwa. Ule wa pili unauhisi mpaka kwenye mfupa wa taya. Bila uzito juu ya pedali, baiskeli ikining'inia tu kwenye stendi, utasubiri hadi jioni bila kusikia kitu.

Kuna visivyotiliwa shaka kwa sababu ya udogo wao. Kile kipande cha alumini kinachoshika gia ya nyuma kikipata chembe ya mchanga mgongoni kinalia kwa kelele isiyolingana na ukubwa wake. Ekseli ya nyuma, ya milimita 12 kwenye baiskeli nyingi za miaka hii, ikikauka grisi inalia hivyo hivyo. Bolti za sproketi ya mbele pia. Nyaya na mipira ya breki inayopitishwa ndani ya fremu hugonga kuta, na mlio huo humtisha mtu kuliko kitu kingine chochote, kumbe kipande cha sponji kinaumaliza.

Mimi huanza na nguzo ya kiti. Inashikwa na bolti moja tu, na inaeleza historia ya baiskeli nzima. Chukua nguzo ya alumini iliyokaa msimu mzima wa masika ndani ya fremu ya kaboni, kwenye baiskeli inayoendeshwa Kaole na Mlingotini. Ukiivuta inatoka kwa shida, ikikoroma. Sehemu iliyokuwa juu, karibu na mkato wa fremu unaoelekea gurudumu la nyuma, ina duara la chembe za mchanga zilizogandamana na grisi. Chini yake kuna ukoko mweupe, mkavu, unaobanduka kwa ukucha kuwa unga. Ukiufuta, alumini iliyo chini haiko laini tena. Ina vishimo vidogo vidogo. Ule unga ndio kutu ya alumini. Haina wekundu wa kutu tuliyoizoea kwenye Phoenix za babu zetu, ndiyo maana wengi wanadhani ni chumvi tupu, wanaupangusa na kurudisha nguzo ndani.

Kinachotokea mle ndani ni kile kile kinachotokea ndani ya betri. Kaboni hupitisha umeme, na katika orodha ya vitu vinavyoliwa na maji ya bahari imekaa upande wa visivyoliwa, pamoja na dhahabu na platinamu. Alumini imekaa upande wa pili. Vigusanishe vitu hivyo viwili, vilowanishe kwa maji ya chumvi, na umeme mdogo utaanza kutembea kati yao, alumini ikilipa gharama. Maji ya bahari yana takriban gramu 35 za chumvi kwa kila lita. Huhitaji kuitumbukiza baiskeli. Rasharasha za ufukweni, jasho, na upepo wa kusi unaoleta unyevu wa bahari hadi barazani vinatosha. Kutu inayozaliwa huchukua nafasi kubwa kuliko alumini iliyoliwa, hivyo hutanua, husukuma, na kuinua rangi ya fremu. Malengelenge ya rangi yakitokea kuzunguka bolti za kushikia chupa ya maji au mahali nyaya zinapoingilia, hiyo ndiyo kazi yake. Kipande cha alumini kilichogundishwa ndani ya kaboni kimeanza kulegea, na kikilegea kinalia.

Jambo hili lina umri. Mwaka 1986 Mmarekani Greg LeMond alishinda Tour de France kwenye baiskeli ya Look yenye mabomba ya kaboni yaliyogundishwa kwenye viungo vya alumini. Fremu nyingi za aina hiyo za miaka iliyofuata ziliachia kwenye gundi kwa sababu hii hii, na watengenezaji wakajifunza kuweka tabaka jembamba la nyuzi za kioo kati ya kaboni na alumini ili visigusane. Watengenezaji wa ndege nao wana njia yao. Dreamliner ya Air Tanzania iliyotua Dar es Salaam Julai 2018 ni ndege ambayo karibu nusu ya uzito wake ni kaboni na vitu vya jamii hiyo, na pale ambapo alumini ingekutana na kaboni, wahandisi wa Boeing walitumia titani sehemu nyingi. Titani ni ghali. Baiskeli ya kawaida haiipati, kwa hiyo ulinzi unabaki mikononi mwa mwenye baiskeli.

Ulinzi wenyewe ni kuosha, tena siku ile ile. Nasisitiza maji ya bomba, yale yanayotoka Ruvu, kwa sababu visima vingi vya ukanda huu vina maji ya chumvi na mtu anaweza kuosha chumvi kwa chumvi. Pia tuache tabia ya kupeleka baiskeli kwenye mashine za presha za kuoshea magari na bodaboda. Presha hiyo haiondoi mchanga kwenye beringi, inaupeleka ndani. Ndoo, sponji, sabuni ya maji, kisha kuigeuza baiskeli na kuitoa nguzo ya kiti ili maji yaliyoingia yatoke. Mara moja kwa mwezi kwa wanaoendesha ufukweni, hiyo nguzo itolewe, ifutwe, na irudishwe ikiwa imepakwa dawa maalumu ya kaboni yenye chembechembe ndogo zinazoshika. Grisi ya kawaida isipakwe hapo, itaifanya iteleze, na mwenye nayo atakaza bolti zaidi ili isishuke.

Na hapo naomba msomaji anisikilize kwa makini. Kibano cha nguzo ya kiti mara nyingi kimeandikwa nyutoni-mita 5, na bolti nyingi za usukani vivyo hivyo. Hiyo ni nguvu ndogo kuliko watu wanavyodhani. Spana ndefu na mkono wa mtu mzima huipita kabla hajakunja uso. Mtu anasikia kwi, anakaza. Anasikia tena, anakaza tena. Siku ya tatu bomba la kiti linapasuka kuanzia kwenye mkato wake kwenda chini, na baiskeli ambayo haikuwa na ubovu wowote wa fremu sasa inao. Spana yenye kipimo cha mkazo si anasa kwa mwenye kaboni. Wachangiane watatu wanne wa kundi moja, wanunue moja.

Baada ya kiti, kesi ngumu zaidi iko kwenye beringi za kranki. Zamani, na bado kwenye baiskeli nyingi za chuma, vikombe vya beringi hufungwa kwa nyuzi za skrubu ndani ya fremu. Cannondale walipoleta mfumo wao wa BB30 mwaka 2000, beringi zilianza kusukumwa ndani ya tundu bila skrubu, zikashikwa na msuguano peke yake. Kiwanda kinapunguza uzito na kurahisisha kazi. Lakini mfumo huo unadai tundu liwe duara kamili, na matundu ya kulia na kushoto yawe kwenye mstari mmoja, kwa usahihi unaopimwa kwa sehemu za mia za milimita. Kwenye kaboni iliyotoka kwenye kalibu usahihi huo haupatikani kila mara. Tundu la milimita 41 likizidi kidogo, kikombe kinacheza kila unapokanyaga, na hicho ndicho kwi kinachojulikana duniani kote. Huu ni ubovu wa fremu kweli, ila wa aina isiyoua, unakera. Mwaka 2015 Chris King na Argonaut walitoa mfumo wa T47 uliorudisha skrubu kwenye matundu mapana, na kampuni nyingi zimekuwa zikirudi huko. Kwa aliyenayo ya kusukuma, vipo vikombe vinavyofungwa kwa skrubu kimoja ndani ya kingine na kubana fremu kutoka pande zote mbili. Vinatuliza sana. Kugonga vikombe kwa nyundo na kipande cha mbao, kama inavyofanywa kwenye vibanda vingi, kunaweza kulipanua tundu moja kwa moja.

Viungo vya shokapu vina habari njema. Beringi zake nyingi si za baiskeli pekee. Kwenye kifuniko cha mpira kuna namba, na namba hiyo ni ya kimataifa: 6902 ni milimita 15 kwa 28 kwa 7; 6001 ni 12 kwa 28 kwa 8; 608 ni 8 kwa 22 kwa 7. Ingia kwenye duka la beringi Kariakoo na namba, si na picha ya baiskeli, na unaweza kutoka nazo kwa bei ya kawaida badala ya kuagiza ng'ambo. Chagua zenye vifuniko vya mpira pande zote mbili. Kiungo kikubwa kimekaa karibu na kranki, ndiyo maana watu hubadilisha beringi za kranki mara mbili, mara tatu, huku mlio ukitoka sentimita chache juu yake.

Tuseme yote hayo yamekwisha na bado inalia. Sasa fremu yenyewe ipande kizimbani.

Fremu ya kaboni hutengenezwa kwa vipande vingi vya kitambaa cha nyuzi kilichokwisha kulowanishwa epoksi, vikapangwa kwa mkono, kila kimoja na mwelekeo wake, ndani ya kalibu, kisha vikabanwa kwa hewa na kuokwa. Uzi mmoja wa kaboni una upana wa takriban mikromita 7, mwembamba kuliko unywele. Mkono wa binadamu ukikosea, hubaki vitundu vya hewa, mikunjo, au mahali penye epoksi nyingi na nyuzi chache. Kasoro ndogo ndogo za namna hiyo zimo ndani ya fremu nyingi na hazimdhuru mtu. Zinakuwa hatari zikikaa kwenye kona zenye mzigo mkubwa: nyuma ya shingo, kuzunguka kranki, na pale viungo vya shokapu vilipoungwa. Hatari kubwa zaidi kwetu, kwa maoni yangu, haitoki kiwandani. Inatoka kwenye safari. Baiskeli ikifungwa juu ya paa la basi kwa kamba za mpira zinazovutwa na watu wawili, bomba la juu, ambalo halikujengwa kubanwa ubavuni, linaweza kuachana tabaka kwa tabaka chini ya rangi inayoonekana nzima.

Ukaguzi uanze kwa kuosha na kukausha. Kisha tochi, ikimulikwa kwa ulalo. Pitisha pamba kavu taratibu juu ya fremu yote. Nyuzi zilizokatika zitaidaka na kuacha manyoya. Bonyeza kwa dole gumba pande zote za mahali unapopatilia shaka. Kaboni nzima haibonyei zaidi ya jirani yake. Halafu chukua sarafu, ya shilingi 200 inafaa, na gonga kidogo kidogo, ukienda sentimita moja moja. Fundi mashua wa Bagamoyo hugonga ubao na kuujua uliooza kabla hajauona, na sikio linalotakiwa hapa ni la namna hiyo: mlio mkali na mkavu ukigeuka kuwa wa bubu, tabaka zimeachana. Tahadhari ni kwamba unene wa fremu hubadilika wenyewe, na mlio hubadilika nao. Linganisha kulia na kushoto mahali pale pale kabla hujahukumu. Sarafu haigundui ufa mwembamba, na kwenye nchi zenye wataalamu wa kazi hii hutumika vipimo vya ultrasaundi.

Ufa wa rangi peke yake si kifo cha fremu. Weka alama ya kalamu kwenye ncha zake mbili, andika tarehe, endesha taratibu kwenye tambarare, tazama tena. Ukivuka alama, au mahali hapo pakiwa laini, au pamba ikinasa, safari zimekwisha hadi atakapopatikana mtu wa kuikarabati anayeijua kaboni.

Hapo ndipo moyo wangu unapoingia woga, kwa sababu Bagamoyo na Kunduchi wapo mafundi hodari wa faiba, wanaoziba boti kila siku, na ni rahisi mtu kuwapelekea fremu. Kazi yao kwenye boti naiheshimu. Lakini mkeka wa faiba una nyuzi fupi zilizotawanyika ovyo, na gundi yake kwa kawaida ni poliesta, ambayo haishiki vizuri juu ya epoksi iliyokwisha kukauka. Fremu inahitaji kaboni yenyewe, nyuzi ndefu zikifuata mwelekeo wa zile zilizokatika, rangi na tabaka mbovu zikiwa zimesuguliwa kwa ngazi mpaka kwenye nyuzi nzima, na epoksi. Kazi hiyo ikifanywa sawasawa fremu hurudi barabarani miaka mingi. Foku na usukani visikarabatiwe kamwe na mtu yeyote. Vikivunjika, anayepanda anaanguka kwa uso.

Anayenunua ya mtumba afanye ukaguzi huu kabla ya kutoa hela, na muuzaji anayekataa nguzo ya kiti isitolewe amekwisha kujibu swali. Ajue pia kwamba dhamana ya kampuni kwa kawaida ni ya mnunuzi wa kwanza tu, kwa hiyo ubovu atakaoukuta ni wake.

Na fremu iliyohukumiwa isiwekwe nyuma ya kibanda, wala kugawiwa kijana wa jirani, wala kuuzwa vipuri ikiwa nzima. Rangi mpya huficha kila kitu, na ndani ya miezi michache itakuwa sokoni tena, chini ya mtu asiyejua. Ikatwe vipande viwili kwa msumeno wa chuma, bomba la chini na la juu, nje penye upepo, msumeno ukilowanishwa maji na mkataji akiwa amevaa barakoa, maana vumbi la kaboni huwasha ngozi na halifai kuingia mapafuni.